Ramani za kale za lile duka la Shangani: printi safi, maelezo yana kasoro, na habari ya Formosa

Nianze na bei maana najua ndio swali la kwanza. Ramani moja bila ya fremu 35,000, pamoja na fremu na kioo 80,000, na ukichukua mbili kijana wa dukani anapunguza kidogo ukizungumza nae vizuri. Ziko nyingi mle ndani, za Afrika, za Asia, za Bahari ya Hindi peke yake, zote ni nakala za ramani walizochora Waingereza karne ya 19, zimeskaniwa na kuprintiwa upya kwenye karatasi nzito. Mie nilichukua Afrika pamoja na fremu yake na Asia bila ya fremu, kwa ajili ya chumba changu cha tuisheni, nafundisha jiografia na historia watoto wa sekondari, na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta kitu cha kutundika ukutani ambacho mtoto akikitazama atauliza maswali mwenyewe bila ya kusukumwa.

Duka lenyewe liko ndani ndani huko Shangani, Unguja mjini, kwenye vile vichochoro ambavyo watalii wanapotea na sie wenyeji tunapita bila ya kutazama pembeni, na nahisi wengi wetu hatuingii kwa kudhani vilivyomo ni vya wageni tu. Ingieni jamani. Kijana anaeuza ana adabu, anakukaribisha vizuri, anakufunulia ramani moja moja juu ya meza hata kama umekuja kuangalia tu, na akishajua wewe ni wa hapahapa bei anayokutajia sio ile ya mtalii, hilo nalisifu waziwazi kabisa kwa sababu sote tunajua ilivyo kuingia duka la kwenu wenyewe ukatajiwa bei ya mgeni.

Printi ni nzuri mno. Nimeikagua kwa lenzi, herufi ndogo za kwenye mwambao zinasomeka, na hapo ndipo nakala nyingi za ramani za kale zinapoharibika, ukinunua zile za bei rahisi unakuta majina ya pwani yamekuwa ukungu mtupu na majina ya pwani ndio utamu wote wa ramani hizi, maana wachoraji wa wakati ule bara la ndani walikuwa wanakisia tu lakini pwani walikuwa wanaijua. Hapa kwetu mwambao wote umeandikwa Zanguebar, Kilwa imeandikwa Quiloa, kwa herufi za Kireno kabisa ingawa ramani ni ya Kiingereza. Rangi nazo zimetulia, hazijakolezwa kupendeza macho kama wafanyavyo wengine.

Kasoro ya kwanza iko kwenye ile yenye fremu. Fundi wao alipoitia ndani ya fremu amekata ukingo wote wa chini, na ukingo wa chini ndiko kulikokuwa na jina la mchapishaji na mwaka. Ramani ya kale bila ya mwaka imepungukiwa sana, na hata kijana alipotazama faili lake kwenye kompyuta akakuta nalo lilikatwa vilevile. Ikabidi mwaka tuutafute kwa akili na wanafunzi. Ziwa Victoria limo, ingawa umbo lake halijakaa sawa, na Speke, msafiri wa Kiingereza, alilifikia mwaka 1858, basi ramani ni ya baada ya hapo. Halafu huko bara hakuna dalili yoyote ya Wajerumani, na Wajerumani walianza kujitwalia bara 1885, basi ni ya kabla ya hapo. Somo lilipendeza, nakiri, lakini mteja anaelipa 80,000 apewe mwaka wake bila ya kufanya upelelezi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike marefu hivi. Nilizitundika ramani mbili ukutani ubavu kwa ubavu, na haukupita muda mwanafunzi mmoja, binti wa Wete anaekaa huku kwa shangazi yake, akaniita, "Mwalimu, hii Formosa mbona iko huku na huku?" Kweli bwana. Kwenye ramani ya Asia, ubavuni mwa China, kuna kisiwa kikubwa kimeandikwa Formosa, ndicho hiki tunachokiita leo Taiwan. Na kwenye ramani ya Afrika, juu kidogo ya Malindi kabla hujafika Lamu, pale Mto Tana unapomwagikia baharini, kumeandikwa Formosa Bay. Hapo jirani kabisa, mwendo wa jahazi kutoka Pemba, na watoto wangu wote wanapajua mahali pale kwa jina jingine, ghuba ya Ungwana.

Ukiendelea kusaka unazidi kuziona. Kwenye mdomo wa mto Niger kuna Rasi ya Formoso. Huko kusini, ghuba ambayo Waafrika Kusini wanaiita Plettenberg, Wareno walikuwa wanaiita Baía Formosa. Na kile kisiwa cha mbele ya Cameroon ambacho ramani yangu imekiandika Fernando Po, Mreno aliekipitia mwaka 1472, ambae ndie huyohuyo Fernão do Pó, mwanzo alikiita Formosa, baadae ndio kikapewa jina lake yeye. Formosa kila pembe!

Maana yake ni nyepesi. Kwa Kireno formosa ni "nzuri", sifa tu, na inamalizikia na a kwa sababu inafuata ilha ambayo ni kisiwa au baía ambayo ni ghuba, na kwa Kireno maneno hayo mawili ni ya kike. Rasi, cabo, ni ya kiume, ndio maana kule Niger ikawa Formoso. Sie Waswahili hatuwezi kushangaa hapo, kwetu pia sifa inafuata jina, kisiwa kizuri, ghuba nzuri. Basi Mreno akipita na jahazi lake akiona mahali panapendeza anaandika kwenye ramani yake Ilha Formosa, Kisiwa Kizuri, ni maelezo ya baharia kwa baharia mwenziwe anaekuja nyuma. Wazungu wengine walipokuja kunakili wakachukua ile sifa peke yake wakaacha kisiwa, na sifa ikageuka kuwa jina kamili la nchi, ikaandikwa kwa herufi kubwa, Formosa. Mtu aseme Pemba inaitwa "Kizuri" basi. Kwenye ghuba yetu Muingereza akafanya vingine, sifa akaiacha kwa Kireno na ghuba akaitia kwa Kiingereza, Formosa Bay, nusu lugha hii nusu lugha ile.

Na hapo ndipo ninapogombana na kikaratasi cha maelezo wanachokutilia kwenye mfuko ukinunua. Kimeandikwa Kiswahili na Kiingereza, wazo zuri sana, ni duka la kwanza naliona likimheshimu mnunuzi wa Kiswahili kiasi hicho. Lakini kwenye Formosa kimeandika kuwa ni "koloni la zamani la Wareno karibu na China". Sio kweli. Wareno hawakuwahi kuitawala Taiwan, walipita wakienda Japani, katikati ya karne ya 16. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni ya mabaharia waliokiona kisiwa kwa mbali wakapiga kelele "ilha formosa", lakini kitu cha kushika mkononi ni ramani ya Mreno mmoja, Lopo Homem, ya mwaka 1554, ambayo kisiwa kimeandikwa Fremosa. Waliokuja kukaa ni Waholanzi, kuanzia 1624 hadi 1662, na Waspania kwa upande wa kaskazini 1626 hadi 1642. Kisha ikaingia chini ya dola ya Qing ya China mwaka 1683, kisha Japani 1895 mpaka 1945. Wareno hata ngome moja hawakujenga pale, na bado jina walilolitia wao ndilo lililotumika na Wazungu wote miaka mia nne! Ngome waliijenga kwetu, pale Mombasa, na huku kwetu jina hawakuacha.

Hili la jina walilotuachia au hawakutuachia nimelizungumza sana na wanafunzi, maana linawashangaza. Ravasco, nahodha wa Kireno, alikuja Unguja mwaka 1503 akalazimisha kodi, kisha Wareno wakakaa wakatoka, wakajenga na kanisa pale ilipo Ngome Kongwe leo, na Waarabu wa Oman walipoichukua Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, mwaka 1698 nguvu zao huku zikavunjika. Karibu miaka mia mbili. Na Unguja ni Unguja, Pemba ni Pemba, Mkoani, Chake Chake, Nungwi, vyote vina majina ya wenyewe. Walichoacha kimeingia ndani ya nyumba, meza, leso, bendera, karata, mvinyo, na gereza ambalo asili yake ni igreja yao, kanisa, na wazee wa mjini mpaka leo ukiwaambia Gereza wanajua unakusudia Ngome Kongwe. Watu waliokaa huku hawakuweza kutubadilishia jina la hata mji mmoja, lakini kule ambako walipita tu wakatazama kwa mbali, jina likaganda. Kwa sababu jina la ramani analiweka anaeichora, wenyeji hawakuulizwa, na mnunuzi wa ramani kule London hakuwa na habari kuwa wenyeji wana jina lao.

Matumizi ya Formosa kwenye Kiingereza nayo yana safari ndefu, na wanafunzi wa Kiingereza hili liwasaidie kwa sababu mtalikuta kwenye vitabu vya kale mchanganyikiwe. Mpaka vita vya pili vya dunia vinakwisha, Muingereza na Mmarekani wa kawaida akizungumzia kisiwa kile anasema Formosa, Taiwan hata haijui ni nini. Tamko la Cairo la 1943, ambalo linasema Japani irudishe visiwa kwa China, limeandika Formosa na Pescadores. Mkataba wa San Francisco wa 1951 hivyohivyo, Formosa na Pescadores. Hao Pescadores nao ni Kireno, wavuvi, ni visiwa vidogo vya pembeni ambavyo wenyewe wanaviita Penghu. Mwaka 1955 bunge la Marekani lilipitisha azimio la kulinda kisiwa kile na lenyewe linajulikana kama Azimio la Formosa. Kwahiyo ukisoma habari za miaka ya 1950 usidhani ni nchi nyingine.

Baada ya hapo taratibu taratibu Taiwan ikachukua nafasi, na leo mwandishi wa habari akiandika Formosa kwa maana ya nchi ataonekana anazungumza Kiingereza cha babu yake. Lakini halijafa jina, limejificha kwenye pembe zake. Chai ya oolong ya kule bado inauzwa kwa jina la Formosa. Kuna kampuni kubwa ya plastiki, Formosa Plastics. Kuna mchwa mbaya sana alieingia Marekani akatafuna majumba, Kiingereza wanamwita mchwa wa Formosa, na jina lake la kisayansi ni Coptotermes formosanus. Dubu mweusi wa kule pia, dubu wa Formosa. Wanasayansi wakishampa mnyama jina hawabadilishi kwa sababu siasa zimebadilika, ndio maana majina ya kale yanaishi zaidi kwenye vitabu vya biolojia kuliko kwenye magazeti.

Na wataalamu wa lugha wanalitumia kwa kazi maalumu, hili ndilo lililonifurahisha kupita yote. Wanaposema lugha za Kiformosa hawakusudii Kichina kinachozungumzwa Taiwan, wanakusudia lugha za wenyeji wa asili wa kisiwa waliokuwepo kabla ya Wachina kuhamia kwa wingi. Lugha hizo ni za familia kubwa ya Austronesia, na wataalamu wengi wanaona familia nzima ilianzia pale Taiwan ikasambaa kwa mitumbwi mpaka Ufilipino, Indonesia, visiwa vya Pasifiki, na upande wetu huku mpaka Madagascar, Bukini kama wanavyosema wazee. Ina maana Kibuki wanachozungumza majirani zetu wa Bahari ya Hindi ni ndugu wa lugha za kile kisiwa kilichoandikwa Formosa kwenye ramani yangu ya pili. Niliwachorea watoto mstari kwa uzi mwekundu kutoka Taiwan mpaka Madagascar, ukavuka ramani moja ukaingia ya pili, na darasa zima likasimama kuja kutazama.

Kuna na upande wa siasa. Wapo watu wa kule wanaolipenda jina la Formosa kwa sababu sio la China na sio la Japani, wanalitumia kama jina la mapenzi la kisiwa chao. Mwaka 1979 lilikuwepo jarida la wapinzani wa serikali lililoitwa Meilidao, maana yake kwa Kichina ni kisiwa kizuri, yaani Formosa ileile imefasiriwa, na kwa Kiingereza likajulikana kama Formosa, na kukamatwa kwa watu wake baada ya maandamano ya Kaohsiung mwaka huohuo ni jambo kubwa katika historia ya demokrasia ya kule. Basi sifa ya baharia aliepita njia imechukuliwa na wenyeji wakaifanya yao. Mie hapa najiuliza sana, maana napenda majina ya wenyeji yarudi, lakini siwezi kumwambia mtu wa Taiwan aache neno alilolichagua mwenyewe.

Kwa hilo hata kwenye ramani ya Afrika hali sio moja. Fernando Po ilipita kwenye jina la rais dikteta wa Guinea ya Ikweta, Macías Nguema, mwaka 1973, kisha mwaka 1979 alipopinduliwa ikawa Bioko. Delagoa Bay ni ghuba ya Maputo leo. Mji wa Pemba kule Msumbiji, jina moja na kisiwa chetu, Wareno walikuwa wameuita Porto Amélia kwa jina la malkia wao, jina la sasa likaja pamoja na uhuru 1975, na hilo mwanafunzi wangu wa Wete lilimfurahisha kupita kiasi. Lakini Cameroon imebaki, ambayo asili yake ni Rio dos Camarões, Mto wa Kamba, kwa sababu Wareno waliona kamba wengi kwenye mto wa Wouri, na taifa zima la watu leo linaitwa kwa kamba na hawana taabu. Sierra Leone imebaki, milima ya simba, tangu Pedro de Sintra 1462. Lagos imebaki, ingawa Wayoruba wenyewe wanasema Eko. Natal, jimbo la Afrika Kusini, imebaki nusu, Vasco da Gama alipita pale Krismasi ya 1497 na Natal kwa Kireno ni Krismasi, wenyewe wakaiunganisha 1994 ikawa KwaZulu-Natal. Na Cabo Verde wamefanya la kinyume kabisa, mwaka 2013 waliuomba ulimwengu uache kuwaita Cape Verde, uwaite kwa Kireno kamili kwa lugha zote. Kwahiyo mwanafunzi akiniuliza majina ya Kireno yafutwe au yasifutwe namwambia nenda kawaulize wanaoishi pale.

Kwa ghuba yetu ya huku juu jawabu ni rahisi zaidi. Ungwana ni mji wa kale wa Waswahili karibu na Kipini, magofu yake yapo mpaka leo, misikiti na nyumba za mawe. Mreno alipokuwa anaandika Formosa kwenye ramani yake mwambao ule ulikuwa na watu wanasali, wanafanya biashara, wana jina lao. Nikiona sasa ramani za Kenya zinaandika Ungwana Bay nafurahi kwa dhati, na nikiona kitabu cha kiada bado kimeandika Formosa Bay bila ya maelezo nachukua kalamu naandika pembeni.

Na wasije watu wakasema mambo haya ni ya Wazungu tu. Pemba yenyewe Waarabu mabaharia waliiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, jina lilelile walilolitia kwenye mji wa Algeciras kule Hispania, limebanwa na ndimi za Waspania lakini ni hilohilo. Baharia anatoka jangwani, anaona minazi na misitu, anaita alichokiona. Tofauti ni kwamba lile la Kiarabu limebaki kuwa jina la sifa tu, unalisikia kwenye mashairi na kwenye majina ya maduka, na Pemba ikaendelea kuwa Pemba kwenye ramani na midomoni mwa Wapemba. Kule Taiwan la sifa lilifunika jina kwa miaka mingi. Binti wa Wete hili alilishika haraka kuliko wote, akaenda kumsimulia babu yake kwa simu.

Nilirudi dukani na kikaratasi chao mkononi, nikamwonesha kijana pale palipoandikwa koloni la Wareno. Hakukasirika hata kidogo, akasema, "Mwalimu, hebu niandikie sawasawa, nikiprinti tena ntabadilisha," akanipa kalamu na karatasi palepale na kiti cha kukaa. Huduma ya namna hii ndio inanirudisha dukani. Nimemwandikia mistari mitano, Wareno walipita, hawakutawala, maana yake nzuri, leo ni Taiwan, na ghuba ya juu ya Malindi leo ni Ungwana. Mpaka naandika hapa kikaratasi bado ni kile cha zamani kwahiyo ukinunua sasa hivi hiyo sehemu usiisome, au isome ukijua.

Mengine madogo. Kioo cha fremu ni chembamba na hakikufungwa vizuri kwa nyuma, na kwa unyevunyevu wetu huu wa masika karatasi itapata madoa kama hewa inaingia, mie nimekwenda kwa fundi Kikwajuni akaniwekea ubao wa nyuma na gundi na imetulia. Ushauri wangu nunua bila ya fremu, karatasi yenyewe ndio yenye thamani, fremu katengeneze kwa fundi unaemjua, itakuja rahisi na hakuna atakaekukatia ukingo. Na ukitaka yenye fremu mwambie kabla, kwa mdomo, asikate chini.

Wanaotaka kupeleka Pemba, wanakufungia kwenye bomba la plastiki lenye vifuniko pande mbili, bila ya malipo ya ziada. Mwenzangu anaefundisha Wete amepelekewa moja kwa boti na imefika haina hata mkunjo. Ukiwa unachukua kwa ajili ya skuli sema wewe ni mwalimu, anapunguza zaidi na anakuprintia kwa ukubwa unaoutaka, ile ya Asia ikiwa kubwa ndio nzuri khasa kwa darasa maana Pescadores ni vijidudu kwenye saizi ya kawaida. Wanafunga adhuhuri kwa sala na chakula, wanafungua tena alasiri, na Ijumaa nenda asubuhi.